Daktari wa Mifugo na Boti ya Jumamosi

Daktari wa mifugo aliyekuwa jirani yangu pale Noonkopir, Kitengela, hakujua kuogelea. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndilo watu wengi wa Kitengela wanalolikumbuka kumhusu: mzee wa miaka sitini, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaingia ni ya josho la ng'ombe, alistaafu akaenda kununua nyumba inayoelea kwenye ziwa la Naivasha. Walimcheka sokoni, wakamcheka kanisani, na hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Baadaye sikucheka tena.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa na duka la dawa za mifugo, chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na rafu za chuma, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, tumetenganishwa na ukuta wa mawe tu. Kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kazini alipitia kwangu. Aliweka kofia yake ya kitambaa juu ya kaunta, akaanza kusoma tarehe kwenye chupa zangu, moja baada ya nyingine, midomo ikicheza bila sauti. Akipata iliyopitwa na wakati hakunigombeza. Aliitoa tu kwenye rafu, akaisimamisha mbele yangu.

"Mama Simaloi, hii tuizike."

Alinisalimu kwa Kimaa, "Takwenya," kwa ulimi wa Kikamba ambao miaka yote ile ya kukaa na sisi haikuunyoosha. Mimi namjibu, "Iko," kisha tunaendelea kwa Kiswahili, kwa sababu Kimaa chake kilikuwa cha ng'ombe. Alijua majina ya magonjwa yote, ya rangi zote za ng'ombe, ya kila sehemu ya tumbo, lakini ukimuuliza kwa Kimaa mkewe anaendeleaje alibaki kukutazama.

Mikono yake aliinawa mara tatu kwa sabuni ya kipande, mpaka kwenye viwiko, hata kama alikuwa ameshika sikio la mbuzi tu. Chai alikunywa bila sukari. Nilimuuliza sababu, akasema sukari inaficha ladha ya maziwa, na maziwa ndiyo kazi yake. Kwa watu alikuwa na maneno machache sana. Kwa wanyama hakuyamaliza. Nimemwona amelala kifudifudi kwenye matope, mkono wote uko ndani ya ng'ombe anayeshindwa kuzaa, huku anamnong'oneza kwa Kikamba kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mkewe alikuwa amesimama karibu nami siku hiyo. Aliangalia kwa muda, halafu akasema polepole, "Mimi hajawahi kuniambia hata nusu ya hayo."

Huyo mkewe, Mama Ndanu, alikuwa mwalimu wa nasari na rafiki yangu wa karibu. Walikuwa na watoto wawili. Ndanu ndiye mkubwa, msichana mtulivu aliyependa vitabu. Mdogo wake, Mutua, alikuwa mkimbiaji.

Kitu ambacho wafugaji wa Kajiado yote walimheshimia ni kwamba hakuwadanganya. Kuna madaktari ambao ng'ombe akiwa amekwisha bado watamdunga sindano, mradi mwenye ng'ombe asikie kuna kitu kimefanywa. Yeye hapana. Mwaka mmoja wa ukame mkali nilipanda pikapu yake kupeleka dawa Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi. Tulimkuta mzee mmoja ambaye fahali wake alikuwa amelala siku ya tatu, na wanawe walikuwa wakijaribu kumwinua kwa kumpitishia miti chini ya tumbo. Daktari alipiga magoti. Akaweka sikio kwenye ubavu, akashika masikio yote mawili kuona kama yana joto, akafungua mdomo akatazama ufizi. Kisha akamgeukia mzee.

"Huyu hatapona, mzee. Tusimtese."

"Hakuna sindano?"

"Sindano iko. Ya kumsaidia ndiyo haiko."

Wale vijana wakaacha miti. Mzee akakaa chini kwenye vumbi, kando ya kichwa cha fahali, akajifunika shuka usoni. Mimi nilidhani tutaondoka, maana tulikuwa na boma mbili zingine za kupitia. Daktari akakaa chini vilevile. Walikaa hivyo, wawili hao na yule fahali, mpaka jua likapita utosini na kuanza kuteremka. Ilikuwa Jumamosi, na nilijua Mutua alikuwa na mashindano ya mbio shuleni, na kwamba baba yake alikuwa ameahidi. Nikamkaribia nikamkumbusha.

"Najua," akasema. Na hakuinuka.

Tulipofika Kitengela tulimkuta Mutua amekaa juu ya ukuta wa lango lao, bado amevaa kaptula ya kukimbilia, karatasi ya namba imebanwa kifuani kwa pini. Alikuwa na miaka kumi na mbili hivi.

"Nimekuwa wa pili," akamwambia baba yake.

"Vizuri," akasema Daktari, akaingia ndani kunawa mikono.

Sikumhukumu siku hiyo, na hata leo naona ugumu kumhukumu. Yule mzee wa Oltepesi aliniambia miaka mingi baadaye kwamba ng'ombe wake wote walikufa ule ukame, na kitu kimoja kilichomzuia asijifanyie vibaya ni kwamba kuna mtu alikaa naye. Lakini niliuona pia uso wa mtoto pale juu ya ukuta. Na Jumamosi hiyo haikuwa moja. Kuna ya Kimana, ambako mkulima wa vitunguu alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa aliyevimba tumbo, na Daktari akalala huko siku ambayo Ndanu alikuwa anapokea kipaimara. Kuna za chanjo, kuna za minada. Watoto wa wafanyakazi wengine walimngoja baba wikendi. Wale wawili walijifunza kutomngoja.

Wazo la boti alilipata kazini. Miaka kadhaa kabla hajastaafu aliitwa Naivasha kutazama ng'ombe wa mfugaji mmoja huko, na akiwa anarudi alisimama kando ya ziwa kuosha gambuti zake. Hapo aliona kitu ambacho alinisimulia siku iliyofuata akiwa ameegemea kaunta yangu, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akitumia kwa jambo lolote lisilo na kwato. Nyumba ndogo ya mbao juu ya maji, ina mlango, ina madirisha, ina kibaraza. Kwenye kibaraza kuna familia inakula. Mama anagawa chakula. Watoto wawili wamekaa pembeni, miguu inachezea maji.

"Na baba yao?" nikamuuliza.

"Baba alikuwa amekaa tu," akasema. "Hakuwa anafanya kitu. Alikuwa amekaa nao."

Alichukua boksi tupu la dawa ya minyoo akalipasua, akanichorea ile nyumba upande wa ndani. Nikaona ni hadithi ya siku moja. Kumbe aliibeba miaka yote iliyobaki ya kazi, na alipostaafu, ile pesa ya mkupuo ambayo wenzake walijengea nyumba za kupangisha, yeye aliipeleka ziwani. Mzungu mmoja mzee alikuwa anarudi kwao na ana boti la namna hiyo, limechakaa, linaelea juu ya mapipa ya chuma. Daktari alilinunua bila kumwambia mkewe. Aliniambia mimi.

Mama Ndanu aliposikia, alikuja dukani mchana, akangoja mteja aliyekuwepo atoke.

"Mama Simaloi, wewe ulijua?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia nilijua.

"Nimeishi na huyu mtu miaka thelathini na nne," akasema. "Natoka kwetu ambako maji ya mtungi mmoja tulienda nayo siku tatu. Sasa ananiambia nilale juu ya ziwa." Kisha, akigeukia mlango, "Ungeniambia, dada." Akaondoka. Ilichukua wiki mbili kabla hajanisamehe, na hakunisamehe kwa maneno. Alinitumia bakuli la mbaazi.

Mwaka mzima Daktari alikuwa barabarani kati ya Kitengela na Naivasha. Alimchukua fundi wa kuchomelea kutoka hapa kwetu, wakaziba mapipa yaliyoota kutu, wakabadilisha sakafu. Alijifunza kufunga kamba, alijifunza kuwasha injini ndogo ya nyuma, alijifunza jinsi magugu ya ziwa yanavyosafiri na upepo na kulizingira boti asubuhi moja kama shamba. Kuogelea alikataa. Alisema mwili wake umeshazoea nchi kavu. Vitanda alivitengeneza mwenyewe, kwa mikono yake, hapo uani kwake, na kwa zaidi ya mwezi mmoja nilikuwa nasikia msumeno wake kila jioni. Kimoja kipana, cha kwake na Mama Ndanu. Viwili vyembamba, cha juu na cha chini, vya watoto.

Watoto wenyewe wakati huo walikuwa watu wazima. Ndanu alikuwa mhasibu Eldoret. Mutua alikuwa anafanya kazi Nairobi, ameoa, ana mtoto mchanga.

Wikendi ya kwanza wote walikuja. Mutua alimwacha mkewe nyumbani na mtoto, Ndanu akasafiri kutoka mbali, na mimi nilialikwa kwa sababu Mama Ndanu alisema hakanyagi maji bila mwanamke mwenzake wa nchi kavu. Daktari alikuwa amenunua jaketi za kuelea za rangi ya machungwa, akatuvisha wote kabla hata hatujatoka garini. Mama Ndanu alivuka ubao wa kuingilia akiwa amefumba macho, ameshika mkono wangu mpaka kucha zake zikaacha alama.

Lilikuwa boti zuri. Sitaki watu wafikirie lilikuwa takataka. Alikuwa amelipaka rangi nyeupe na kijani, ameweka mapazia, ameweka jiko la gesi la mafiga mawili. Kwenye kibaraza kulikuwa na meza na viti. Tulikula samaki na ugali. Viboko walikuwa mbali, kwenye mafunjo, wanatoa pua na kupumua kama mtu anayefungua breki za lori. Daktari alikuwa amekaa tu. Nilimwona anavyojikaza kukaa tu. Mikono yake haikujua iende wapi, mara iko magotini, mara iko mezani.

Baada ya chakula Mutua alisema amechoka na akaingia ndani ajinyooshe. Tukamsikia anapanda kitandani. Halafu akaita, kwa sauti ambayo sikuielewa mara moja, "Baba, hebu kuja."

Tulienda wote. Mutua alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha chini, na miguu yake kuanzia magotini ilikuwa inaning'inia nje. Aliangalia cha juu. Kilikuwa na urefu uleule. Vilikuwa vitanda vya watoto wa miaka kumi.

"Mbao ziliisha," akasema Daktari.

Mutua alikaa, akainamisha kichwa kwa sababu kitanda cha juu kilikuwa chini mno, akasugua uso kwa viganja.

"Baba, mimi niko na miaka thelathini na moja."

"Najua."

"Hujui. Hii boti ungetuletea wakati ule. Hata si boti. Ungekaa tu kwa nyumba Jumamosi moja, hata bila kuongea. Sisi hatukutaka boti."

"Mutua," mama yake akamwambia, "wacha."

"Si naongea tu polepole, Mum. Sijapiga kelele."

Ni kweli, hakuwa amepiga kelele. Alisema kwa upole, na nadhani ndiyo maana yalimwingia baba yake vile. Daktari alirudi nyuma hatua moja pale mlangoni. Kisha akasema anaenda kuangalia kamba kama imelegea, na akatoka. Nilimwona kupitia dirishani. Kamba haikuwa imelegea. Aliifungua, akaifunga upya, akaifungua tena.

Baada ya siku ile watoto hawakuja tena wote pamoja. Ndanu alisema kazi ni nyingi mwisho wa mwezi, na kila alipoulizwa ilikuwa mwisho wa mwezi. Mutua alisema mtoto ana homa. Si kwamba walikuwa na ubaya. Walikuwa wanampigia mama yao simu kila siku. Ila Jumamosi walikuwa wameshazijaza na mambo yao, kama yeye alivyozijaza zake zamani.

Kwa hiyo walikwenda wawili. Na hapa ndipo jambo moja lilipotokea ambalo hakuna mtu Kitengela aliyelijua isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesimuliwa. Mama Ndanu alilipenda lile boti. Yule mwanamke aliyevuka ubao akiwa amefumba macho akawa ndiye anayefungasha tangu Alhamisi. Alibeba mbaazi mbichi kwenye mfuko, akazimenya kwenye kibaraza mchana kutwa, na maganda anayatupa majini samaki wapate kuchunguza. Jumatatu akija dukani alikuwa na rangi nyingine usoni.

"Dada," aliniambia siku moja, akiinama juu ya kaunta kama msichana, "sikujua huyu mtu anaongea."

"Anaongea nini?"

"Kila kitu. Ananieleza ng'ombe aliowatibu miaka yote. Anakumbuka mmoja mmoja. Ananiambia alikuwa wapi siku fulani, na siku fulani. Mimi namwambia siku hiyo sisi tulikuwa tunafanya nini nyumbani. Tunaunganisha." Akajiinua kwenye kaunta. "Jana nilimwambia kuhusu zile mbio za Mutua. Alilia."

Walipata miaka miwili ya hivyo, pungufu kidogo. Nikihesabu furaha ambazo yule mzee alipata maishani, naanza na hiyo.

Kisha Mama Ndanu akaanza kukonda. Alisema ni vidonda vya tumbo. Alipokwenda hospitali, Daktari aliingia naye, na wakatoka wakiwa na bahasha kubwa ya picha. Alikuja dukani kwangu jioni hiyo peke yake. Hakuweka kofia kwenye kaunta, aliishika mkononi.

"Kansa iko kwa ini," akasema. "Imeshaenea."

"Wamesema nini?"

"Wamesema miezi."

Nikamuuliza kama watoto wanajua. Akatikisa kichwa.

"Jambo hili halisemwi kwa simu," akasema. "Nitawaambia Jumamosi, tukiwa wote kwa boti. Nimewaita."

Jumamosi hiyo Ndanu hakuweza kufika. Mutua alifika, lakini Daktari hakutaka kumwambia mmoja bila mwingine. Akawaita Jumamosi iliyofuata. Mutua akawa na safari ya kikazi. Akawaita tena. Wao walisikia baba anawaita kwenye boti lake kama kawaida, mama akiongea kwenye simu anasema ana uchovu tu, na wakaona hakuna haraka. Kila Jumatatu nilimuuliza, na kila Jumatatu alinijibu, "Wiki hii."

Mtu aliyewaambia wafugaji wa nusu ya Kajiado ukweli mchungu wakiwa wamesimama mbele ya mali yao yote, hakuweza kuwaambia watoto wake wawili. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwa ukali, na ndiyo mara pekee.

"Ng'ombe si wangu wale," akanijibu.

Nilikwenda kwa Mama Ndanu mwenyewe. Alikuwa amelala sebuleni, karibu na dirisha. Nikamwambia, "Niko na namba ya Ndanu. Nimpigie leo?"

Alifikiria. Macho yalikuwa yamekuwa makubwa, uso umebaki macho.

"Mwache," akasema. "Anataka kuwa nao wote mahali pamoja, mara moja, na yeye akiwepo. Hajawahi kupata hiyo. Mwache apate."

Nikamwacha. Namba ilikuwa kwenye simu yangu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu, na nikarudi dukani nikapanga chupa. Hilo ni langu, simbebeshi mtu.

Alifariki Jumatano asubuhi. Ndanu aliitwa Jumanne mchana, akasafiri, akamkuta mama yake bado anapumua lakini hasemi tena. Mutua alifika akiwa amechelewa.

Siku ya mazishi, huko kwao Ukambani, nilikuwa nimesimama nyuma ya Daktari watoto walipomjia. Ndanu ndiye aliyesema. Yule mtulivu.

"Miezi mitano, Baba. Ulijua miezi mitano."

"Nilikuwa nawaita."

"Ulituita kwa boti. Hukutuambia Mama anakufa. Ng'ombe za watu ulikuwa unazisemea ukweli siku ya kwanza."

Nilitamani ajibu, aeleze, aseme hata mama yao alikubali. Nilifungua mdomo niseme mimi, na yeye bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma na kunishika kidogo kwenye kiwiko, kunizuia. Hakutaka lawama imwangukie marehemu. Mpaka leo hawajui kwamba mama yao alikubali.

Miezi michache baadaye Mutua alikuja Noonkopir kuchukua nguo za mama yake. Akauliza kama kuna zingine kule ziwani. Daktari akamwambia zipo, leso mbili na sweta, na viatu vyake vya kibarazani. Akampa funguo. Mutua akaenda na mkewe, wakakaa wikendi nzima. Wiki iliyofuata wakaenda tena na watoto, maana wakati huo walikuwa wamepata wa pili. Kisha Ndanu akawa anasafiri kutoka Eldoret kukutana nao huko. Funguo hazikurudi na hakuna aliyeziulizia. Ndanu alinitumia picha kwenye simu: wajukuu wawili wamevaa zile jaketi za machungwa, wamekaa pembeni mwa kibaraza, miguu ndani ya maji, na Mutua amekaa karibu nao. Niliitazama sana. Sikujua kama nimwonyeshe mzee au la. Mwishowe nilimwonyesha, na alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Wanakaa vizuri," akasema, akanirudishia.

Mimi niliuza duka mwaka uliofuata. Miguu ilikuwa imechoka kusimama. Nikahamia Kajiado mjini karibu na Simaloi wangu, na sikumwona Daktari kwa muda mrefu, mpaka Jumamosi moja mwezi uliopita nilipoenda mnadani kutafuta mbuzi wa sherehe. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa ameinama juu ya kondoo, anampa dawa ya minyoo mdomoni, na watu watatu wamepanga mstari na wanyama wao. Alikuwa amezeeka. Shati lilikuwa limekuwa kubwa.

"Takwenya," akasema aliponiona.

"Iko, Daktari. Kumbe bado unafanya kazi."

"Siku ya leo tu. Siku zingine niko nyumbani."

Nilingoja amalize na watu wake. Tukaenda kukaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai, tukaagiza. Nikamuuliza habari za wajukuu. Akasema wazima, mkubwa ameanza shule. Nikamuuliza kama wako ziwani leo. Akasema wapo, wanakwenda kila wikendi, hata Ndanu.

"Na wewe mbona hauko nao?"

Alipuliza chai yake.

"Nilienda mara mbili," akasema. "Walikuwa wanacheka. Niliwasikia nikiwa bado kwa gari. Nilipoingia wakanyamaza. Si kwa ubaya, Mama Simaloi. Waliniwekea kiti, wakanipa chakula. Lakini walinyamaza mpaka nilipoondoka." Akanywa kidogo. "Nikaona nisiwaharibie."

Simu yake ikalia. Akaitazama, na uso wake ukabadilika wote. Akasimama kuipokea, kama mtu anayeitwa na mkubwa wake.

Alikuwa Mutua. Niliisikia sauti yake vizuri kwa sababu mzee alikuwa ameongeza sauti ya simu mpaka mwisho. Injini ilikuwa imekataa kuwaka. Daktari akamweleza: afungue mfuniko wa tangi hewa iingie, abonyeze lile puto la mafuta mpaka liwe gumu, avute kamba mara mbili polepole, ya tatu kwa nguvu. Alieleza kwa upole na kwa utaratibu, mkono wake wa kushoto ukionyesha hewani kila hatua. Tukasikia injini ikikohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Nyuma yake watoto wakashangilia.

"Sawa, Baba, imeshika," akasema Mutua, na simu ikakatika.

Niliiona ikikatika. Mzee alikuwa amesimama mbele yangu, ameishika simu mbali kidogo na sikio, na kioo kilikuwa upande wangu. Lakini yeye hakuishusha. Aliisogeza sikioni, akanigeuzia bega kidogo, akaendelea.

"Eeh," akasema. "Eeh, niko na Mama Simaloi hapa, anawasalimia. Watoto hawajambo? Hapana, leo sitaweza, niko na kazi. Labda wiki ijayo. Eeh, mwanangu. Asante kwa kupiga."

Kisha akaishusha, akaifuta kwenye shati, akaitia mfukoni, akarudi kukaa.

"Wanasema nije," akaniambia.

"Uende, Daktari," nikasema. "Wiki ijayo uende."

Akasema ataona. Tukamaliza chai, na pale kwenye zizi watu wengine wawili walikuwa wameshafika na mbuzi wao, wanamngoja.